Bunduki ya mtalii: njia ndefu ya vibali kutoka ughaibuni hadi kitaluni

Kila mwaka uwadiapo mwezi Julai, msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa nchini Tanzania, na katika viwanja vya ndege vya Kilimanjaro na Dar es Salaam huanza kuonekana abiria wenye makasha marefu ya chuma au plastiki ngumu, yaliyotiwa kufuli. Ndani ya makasha hayo mna bunduki. Wenyewe ni watalii kutoka Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, waliolipa maelfu ya dola ili wapate nafasi ya kumpiga nyati, chui au simba. Abiria wenzao, ambao saa chache kabla walinyang'anywa chupa ya maji kwenye ukaguzi, wana haki ya kujiuliza: imekuwaje huyu akaruhusiwa?

Jibu fupi ni kwamba bunduki ya uwindaji haijapata kupigwa marufuku katika usafiri wa anga, hata baada ya mashambulizi ya Septemba 11 mwaka 2001. Masharti yake ni mepesi kuyaeleza. Silaha isiwe na risasi, ifungwe katika kasha gumu, iwekwe pamoja na mizigo ya tumboni mwa ndege, na mwenyewe aitangaze kwenye kaunta. Risasi hupakiwa katika visanduku vyake maalumu, na kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari zinamruhusu abiria mmoja kuchukua kilo 5 tu, kwa matumizi yake binafsi. Kwa bunduki kubwa za kuulia nyati au tembo, uzito huo hauzidi sana risasi mia moja.

Ugumu huanza pale safari inapokatiza nchi zaidi ya moja, na safari za kwenda Afrika ni chache zisizofanya hivyo. Kila nchi ambayo kasha linapitia ina sheria yake. Uwanja wa Schiphol mjini Amsterdam ni mfano mzuri: abiria hutakiwa kuomba ruhusa mapema, hata kama bunduki itahamishwa tu kutoka ndege moja hadi nyingine. Uingereza nayo, ambayo ilizikaza sana sheria zake baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane mwaka 1996, humtaka mgeni anayetoka nje ya uwanja na silaha awe na kibali kilichoombwa kwa niaba yake na mdhamini anayeishi nchini humo. Kwa hiyo msafiri anayeshuka Heathrow na kuunganisha ndege kutokea Gatwick, akidhani ni suala la kupanda basi tu, anaweza kujikuta mikononi mwa polisi kabla hajaiona savana.

Afrika Kusini, inayopokea wawindaji wengi wa kigeni kuliko nchi nyingine yoyote barani, ina utaratibu wake chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2000. Mgeni hujaza fomu ya polisi namba 520 kwa wino mweusi, lakini haruhusiwi kutia saini mpaka afike mbele ya ofisa wa polisi. Bunduki zinazojipakia risasi zenyewe hazikubaliwi. Sheria inamruhusu kuwa na risasi 200 kwa kila bunduki, idadi ambayo ndege iliyomleta isingekubali kuibeba.

Fomu ya Marekani

Mkanganyiko ulio mkubwa kuliko yote umetokana na karatasi moja ndogo. Polisi wa nchi za kusini mwa Afrika humtaka mgeni athibitishe kwamba bunduki ni mali yake halali. Mjerumani au Mfaransa hutoa pasi ya silaha ya Ulaya. Mmarekani hana cha kutoa, kwa sababu serikali kuu ya Marekani haitoi leseni ya kumiliki bunduki ya kawaida ya uwindaji. Pengo hilo limezibwa na fomu namba 4457 ya idara ya forodha, ambayo haikubuniwa kuwa leseni ya silaha. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kamera, saa au bunduki anayorudi nayo msafiri hakuinunua ng'ambo, ili asidaiwe ushuru.

Juu ya fomu hiyo kumechapishwa tarehe ya mwisho ya toleo la fomu lenyewe, jambo la ndani la makarani wa Washington. Polisi wa Afrika Kusini waliisoma tarehe hiyo kama siku ya kumalizika kwa leseni, na baadhi ya wasafiri wakakataliwa kuingiza silaha kwa kuwa "leseni" zao zilikuwa zimepitwa na wakati. Ni rahisi kucheka, lakini polisi yule hakuwa na kosa: aliombwa aitambue karatasi ya ushuru kuwa hati ya umiliki, naye akaisoma kama hati yoyote nyingine inavyosomwa. Mwaka 2015 maofisa wa Marekani walijaribu kuleta utaratibu mwingine, wa kuandikisha bunduki hizo kwa kompyuta kama bidhaa zinazouzwa nje. Wawindaji walipiga kelele, kwani mtu binafsi alihitaji namba ya mlipakodi inayotolewa kwa wenye biashara, na fomu ile ya zamani ikaendelea kutumika.

Nani anakagua nini?

Makaratasi yote haya yanathibitisha kitu kimoja: kwamba bunduki yenye namba fulani ni ya mtu fulani. Hayasemi mtu huyo amekuja kufanya nini. Afrika Kusini ililijua hilo kwa gharama kubwa. Kwa miaka kadhaa, watu waliotoka Vietnam na Thailand, wengi wao wasiojua hata kushika bunduki, waliingia kwa ndege wakiwa na vibali halali vya kuwinda vifaru. Aliyepiga risasi mara nyingi alikuwa mwenyeji. Mgeni alikuwa jina tu kwenye kibali, na pembe zikaenda kuuzwa Asia. Mwaka 2012 Afrika Kusini ilisimamisha vibali kwa raia wa Vietnam, na Novemba mwaka huohuo kiongozi wa genge moja, raia wa Thailand, alihukumiwa kifungo cha miaka 40, ambacho baadaye rufaa ilikipunguza hadi miaka 13.

Tanzania ina funzo lake. Mwezi Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga wanne, walipakiwa katika ndege ya kijeshi ya Qatar kwenye uwanja wa Kilimanjaro na kuondoka. Hao ni wanyama wenye shingo zinazoonekana kutoka mbali, na walipita katika uwanja uleule ambao namba za bunduki hukaguliwa moja baada ya nyingine.

Kwa Waswahili waishio katika nchi za Ghuba, jina la Loliondo halihitaji maelezo marefu. Tangu mwaka 1992 kitalu hicho cha kaskazini mwa Tanzania kilikodishwa kwa kampuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu, iliyokuwa na uwanja wake wa ndege huko huko porini. Mgeni anayesafiri kwa ndege ya binafsi hapiti kaunta ya shirika lolote. Kizingiti pekee ni ofisa wa forodha na askari aliyetumwa pale. Mwezi Juni 2022 mapambano yalizuka Loliondo wakati wa kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500. Askari polisi mmoja aliuawa na Wamaasai wengi walijeruhiwa. Serikali ilisema inalinda ikolojia na vyanzo vya maji. Wananchi walisema wanaondolewa kwenye malisho yao ili kuwapisha wawindaji.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, kuliko kwenye usalama wa ndege. Sheria za kuwinda kwa leseni zilianza Tanganyika mwaka 1896, wakati wa gavana Mjerumani Hermann von Wissmann, na tangu hapo mwenyeji asiye na karatasi akaitwa jangili. Mwanakijiji anayeishi kando ya kitalu, akikutwa na gobore na mguu wa swala, hupelekwa mahakamani. Mgeni mwenye bunduki ya mtutu wa .375 hupokewa uwanjani na mwenyeji wake kutoka kampuni ya uwindaji, aliyekwisha kumshughulikia vibali. Watetezi wa uwindaji hujibu kwamba ada za wageni hulipia doria, na kwamba mapori yasiyo na wawindaji hujaa majangili. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini vitalu vilikuwapo pia wakati tembo wa Tanzania walipopungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Kenya, kwa upande wake, ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1977 na haikurudi nyuma. Botswana iliufunga mwaka 2014, kisha ikaufungua tena mwaka 2019.

Mashirika ya ndege nayo yamejikuta yakitoa hukumu ambayo serikali zimeikwepa. Mwaka 2015 Emirates ilikataa kubeba nyara za wawindaji, na South African Airways ikafanya hivyo kwa miezi michache kabla ya kubadili msimamo. Mwezi Julai mwaka huo simba aliyejulikana kwa jina la Cecil aliuawa na Mmarekani karibu na hifadhi ya Hwange, Zimbabwe. Hasira iliyofuata ililifanya shirika la Delta, lililokuwa na safari za moja kwa moja kati ya Johannesburg na Atlanta, kukataa nyara za simba, chui, tembo, kifaru na nyati. Cecil hakuuawa kwa bunduki iliyoletwa na ndege; aliuawa kwa upinde na mshale.

Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo. Bunduki inaweza kwenda na kurudi kama mzigo wa abiria, mradi imetangazwa kwenye kaunta. Ngozi na pembe hubaki nyuma kwa miezi, zikingoja dawa za kuhifadhia, vibali vya mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, na shirika litakalokubali kuzipakia. Zikifika Ulaya zinaweza kukuta mlango umefungwa: Ufaransa ilizuia nyara za simba mwaka 2015, na nchini Uingereza mswada wa kupiga marufuku nyara ulipita katika Bunge la Makabwela mwezi Machi 2023 kabla ya kukwama katika Bunge la Malodi.