MAMBO YA PWANI: Zawadi Isiyokuwa Mali ya Mtoaji

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wako matajiri wapendao kukusanya vito, vyombo na vitu vya nakshi. Mtu akiwa mzee, au nyumba ikimjaa, huvitoa kwa jumba la makumbusho, na jina lake huandikwa ukutani ili watazamaji wamjue aliyewakirimu. Desturi hiyo ni njema, kwa maana kitu kilichotazamwa na watu wawili sasa hutazamwa na maelfu. Sisi wa Kenya pia tumeona faida ya mtu kukusanya kwa moyo mwema: mapambo, nguo na nakshi za marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, leo huonwa na umma katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Lakini liko swali moja ambalo hapana budi liulizwe kabla ya kumshukuru mtoaji: yeye alikipata wapi? Watu wa Kilifi na Malindi walijua uzito wa swali hilo, kwa sababu ya vigango.

Kwa faida ya msomaji wa bara, kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, mwingine hushinda kimo cha mtu, uliochongwa kichwa na kiwiliwili, ukatiwa nakshi za pembetatu na rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda humsimamishia mzee aliyefariki ambaye alikuwa mmoja wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Hapo jamaa humwaga tembo la mnazi na kumwomba marehemu awatazame kwa wema. Wenyewe wakihama mji, kigango hakihamishwi. Hubaki pale kilipowekwa. Basi kigango kilicho peke yake kichakani si kitu kilichotupwa, kama vile kaburi la babu yako halikutupwa kwa kuwa wewe wafanya kazi Mombasa.

Wafanya biashara waliona vingine. Vijana walipewa fedha kidogo wakaving'oa, vikauzwa katika maduka ya vinyago, vikavuka bahari, na huko vikapata bei ya maelfu ya dola. Wanunuzi walivipamba sebuleni, na baadaye wengi wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho. Tena sheria ya Marekani humpunguzia kodi mtu atoaye mali kwa jumba la namna hiyo, hata zawadi ikamfaa mtoaji naye. Mwaka 1990 makumbusho ya viumbe na sayansi ya Denver yalipokea vigango 30 kutoka kwa watu wawili wa sinema za Hollywood. Huenda watoaji wengi hawakujua asili ya vitu vile. Hata hivyo, kutojua kwa mnunuzi hakumfanyi mwizi kuwa mwenye mali.

Tazameni sasa jinsi mambo yalivyofichuka. Mwaka 1985 Bibi Monica Udvardy, mwanachuoni wa Marekani, alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi kumpa picha yake, mzee alimwambia kwamba vimekwisha ibiwa, akamwomba amsaidie kuvitafuta. Miaka mingi ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wanachuoni, Bibi Udvardy alionyeshwa picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Illinois, akakitambua kimoja. Cha pili kilionekana katika makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudishwa kwa jamaa mwaka 2007, mzee mwenyewe akiwa amekwisha fariki.

Mlango ukafunguka. Denver walikata shauri mwaka 2014 kuvirudisha vyao 30, na Illinois wakarudisha vingine 37, vilivyopokewa Nairobi mwaka 2023. Lakini shida imebaki: vilivyo vingi havijulikani vilitoka mji gani wala vilikuwa vya nani, kwa hiyo vimekabidhiwa Makumbusho ya Taifa badala ya wenyewe. Vile viwili vilifika nyumbani kwa sababu ya picha moja tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo sisi makarani twayatumia kazini kila siku, ila nyumbani twayasahau. Kila aliye na kigango mjini kwao, au mlango wa nakshi, au mitali ya fedha ya bibi yake, na akipige picha, aandike jina la mwenyewe, kijiji, na jina la fundi kama lajulikana. Nakala moja aiweke nyumbani, na nyingine kwa mtu aaminikaye mbali na hapo. Siku hizi picha hupigwa kwa simu. Haigharimu hata senti. Mwenye kalamu na amsaidie mzee asiyejua kuandika.

Nao vijana wajue kwamba sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 2006 yakataza vitu vya kale kupelekwa ng'ambo bila idhini. Wako wasomaji ambao dini zao haziruhusu kumwaga tembo kwa ajili ya wafu. Hakuna awaombaye wafanye hivyo. Waombwa tu wasiuze kumbukumbu ya babu wa jirani yao, na wamwonapo mtu akiulizauliza vigango viko wapi, wapeleke habari kwa chifu siku ile ile.