Kidonge cha Kusubiria Goti Jipya

Imani moja imeota mizizi kwa wagonjwa wa magoti, na wapo madaktari wanaoilea: kwamba aliyepangiwa kuwekewa goti bandia ajikimu tu kwa tramadoli, au dawa nyingine ya jamii ya afyuni, mpaka siku yake ifike. Goti jipya likishaingia, maumivu yataondoka na vidonge vitaondoka navyo. Si kweli, na anayelipia uongo huu ni mgonjwa.

Kwanza, vidonge vyenyewe havimfai kama anavyodhani. Mwaka 2018 Erin Krebs na wenzake wa Minneapolis walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mzima wagonjwa 240 waliokuwa wanajeshi wa Marekani, wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Kundi moja lilitibiwa kwa afyuni, jingine kwa parasetamoli na dawa nyingine zisizo za jamii hiyo. Wa afyuni hawakuwazidi wenzao kwa lolote katika shughuli za kila siku, na maumivu yao yalibaki makali kidogo zaidi. Chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani mwaka 2013 kilikuwa kikiipendekeza tramadoli kwa goti lililosagika. Mwaka 2021 kikageuka na kusema haisaidii, ila inaongeza madhara.

Sasa ingia wodini, asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji. Mtaalamu wa mazoezi amesimama kando ya kitanda, anamwambia mgonjwa akunje goti. Inauma, lakini lazima, maana wiki hizi ndizo zinazoamua goti litakunjika kiasi gani. Mgonjwa aliyemeza afyuni kwa miezi amekwishazoea dawa: dozi iliyomtuliza jirani yake, yeye haimgusi. Wengine hufika pabaya zaidi, dawa ikaunoa uchungu badala ya kuutuliza, hata mguso wa shuka ukawa adha. Anakunja kidogo, anaacha. Kovu linakomaa ndani, goti linakakamaa, na huenda akarudishwa chumba cha upasuaji, alazwe kwa nusukaputi, goti likunjwe kwa nguvu.

Na ile ahadi ya kuacha vidonge? Watafiti wa Michigan mwaka 2016 waliwauliza wagonjwa miezi sita baada ya upasuaji. Kati ya waliobadilishiwa goti bila kuwa watumiaji wa afyuni, asilimia 8.2 walikuwa wanazitumia. Kati ya walioingia hospitalini wakiwa tayari wanazitumia, asilimia 53.3 walikuwa bado wanazo. Zaidi ya nusu! Goti limebadilishwa, kidonge kimebaki.

Najua atakayenijibu: hao ndio waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo, usiisingizie dawa. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Lakini utafiti mwingine wa mwaka huohuo uliwaangalia watumiaji waliopunguza dozi kwa nusu kabla ya kubadilishiwa nyonga au goti. Walipona vizuri kuliko wasiopunguza, wakakaribiana na wale ambao hawakuwahi kuzitumia. Utafiti ule ulikuwa mdogo, lakini unaonyesha kwamba dozi ya kabla ya kisu inaweza kushughulikiwa.

Sina vita na mofini, ingawa nayo ni ya jamii ya afyuni. Hapa Afrika Mashariki wagonjwa wa saratani wanaikosa kuliko wanavyoipata kupita kiasi, na Hospice Africa ya Uganda, iliyoanza mwaka 1993, imefanya kazi ya heshima kuwafikishia mofini ya kunywa. Goti lililosagika ni habari nyingine.

Kwa hiyo daktari anayeandika tarehe ya upasuaji aulize siku hiyohiyo: unameza nini, kiasi gani, tangu lini? Jibu likiwa ni afyuni, kazi ya kupunguza ianze wiki kadhaa kabla, taratibu na chini ya uangalizi, kwa sababu kukatisha ghafla huleta jasho, kuhara na kukesha. Nafasi yake ichukuliwe na mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito kwa anayehitaji, na dawa za uvimbe kwa ambaye figo na tumbo lake vinaziweza. Na mgonjwa asingoje kuulizwa. Aende na pakiti zake mkononi, aziweke mezani.