Unakimbizwa na nani?

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi nakimbia parkrun hapa London. Kilomita 5, bure, mvua inyeshe au jua liwake. Nikirudi na matope Mama ananiuliza swali lile lile: "Unakimbizwa na nani?"

Nacheka, lakini wasiwasi wangu ni yeye. Mwaka jana daktari alimwambia sukari imepanda, afanye mazoezi dakika 150 kwa wiki. Nikamlipia jimu. Akaenda mara moja tu. "Mwanangu, kutembea juu ya mashine bila kufika popote? Hayo si mazoezi, ni adhabu."

Basi tukaalikwa harusi. DJ akaweka rumba ya Kongo, na Mama, ambaye hakuwa amecheza tangu Baba afariki, akaninyooshea mkono. "Njoo." Mimi wa kilomita 5 nikamkanyaga mara tatu! Akaninong'oneza, "Punguza mbio. Anza na kiuno, miguu itafuata." Sebene ilipoingia, mimi niko hoi naomba maji, yeye ndiyo kwanza anaanza.

Siku hizi kila Jumapili tukishakula tunasogeza meza ya jikoni. Nusu saa, saa nyingine zaidi. Juzi alisimama katikati ya wimbo. "Baba yako alikuwa anakosea hapa hapa." Tukacheka, tukalia kidogo, tukaendelea.

Sukari inashuka polepole, na dawa bado anakunywa. Kama mzazi wako hataki jimu, muulize ujanani alicheza nini. Halafu sogeza meza.