Kikundi cha Wakulima ni Shule



Wapendwa waamini, juma hili napenda tuwatafakari majirani zetu wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambao shamba lao ni bahari. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza huko, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na walio wengi katika kazi hiyo ni akina mama. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, huteremka pwani kufunga vipando kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi. Baada ya wiki sita hivi huvuna, hukausha na kuuza.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwani aina ya kotonii, ambao bei yake huzidi sana ile ya spinosamu, ulianza kufa katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto na maradhi. Mama aliyelima peke yake angefanya nini? Kujaribu njia mpya ni kuyahatarisha mavuno, na mwenye kamba chache akikosa mavuno, watoto hulala njaa.

Hapa ndipo naiona faida kuu ya kikundi, nayo si mkopo wala msaada wa wafadhili, bali ni uwezo wa kujaribu. Hasara ikigawanywa kwa wengi haimwangushi mmoja, na kosa la mmoja huwa somo la wote. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa Zanzibar Seaweed Cluster Initiative, uliowakutanisha wakulima, Serikali na watafiti, akiwamo Dakta Flower Msuya. Wakulima walijaribu kupanda kotonii ndani ya nyavu zenye umbo la mrija katika maji ya kina zaidi. Walijifunza pia kuusaga mwani na kuutengenezea sabuni kwa mafuta ya nazi na viungo. Huko Kidoti, kikundi cha akina mama watengeneza sabuni kinaitwa Tusife Moyo, jina ambalo peke yake lingetosha kuwa mahubiri.

Wala njia hizo si nyepesi. Maji ya kina yanadai chombo na kujua kuogelea, na akina mama wengi hawakufundishwa kuogelea. Jambo kama hilo halionekani katika maabara. Hulijua yule aingiaye majini. Ndiyo maana mtaalamu naye hana budi kukaa na kusikiliza.

Nchi kavu nako kuna shamba darasa, utaratibu ulioanza mwaka 1989 kwa wakulima wa mpunga wa Indonesia chini ya FAO, ukatumika pia Unguja na Pemba. Wakulima hukutana shambani msimu mzima, hulinganisha njia ya mazoea na njia mpya, kisha huamua wenyewe.

Hata hivyo, si kila kikundi ni shule. Vipo vinavyozaliwa mradi unapotangazwa na kufa fedha zinapokwisha. Vipo pia ambavyo mwenyekiti na katibu ndio wanaohudhuria mafunzo, wakarudi na posho bila neno kwa wenzao. Maarifa yaliyofichwa ni mbegu iliyosahauliwa ghalani: huliwa na fukusi.

Wapendwa, wengi wa akina mama hao ni Waislamu, nasi tusione haya kujifunza kwao. Jumuiya zetu ndogondogo hukutana kila juma. Baada ya sala, mwenye bustani na awaeleze wenzake alichojaribu, kilichofaulu na kilichoharibika, bila kuchekwa.

Nawatakieni nyote Dominika njema.