Majini Si Mali ya Watoto

Hivi karibuni, katika kipindi cha asubuhi cha redio moja ya Dar es Salaam, mtoa mada aliyealikwa kuwaasa vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo alifika kwenye suala la vitabu. Safari ya ndege ni ndefu, alisema, kwa hiyo kijana abebe kitabu cha kumjenga: cha fedha, cha uongozi au cha mafanikio. Hadithi za majini na mazimwi awaachie watoto. Mtangazaji alicheka na kuunga mkono, kikapigwa kibwagizo, wakahamia kwenye foleni za Barabara ya Morogoro.

Kauli hiyo haikustahili kupita hivi hivi. Ni ya uongo, na imerudiwa mara nyingi hadi imevaa sura ya busara. Wazazi wanaisema, walimu wanaisema, wachungaji wanaisema, na wanaoisema kwa sauti kubwa zaidi ni watu ambao hawajafungua riwaya yoyote tangu walipomaliza kidato cha nne. Kijana anayepanda ndege na riwaya ya fantasia mkononi anatazamwa kama mtu aliyechelewa kukua.

Jibu la kwanza liko hapa hapa nyumbani. Mwaka 1995, hofu ya pepo aitwaye Popobawa ilipotanda Pemba na kuvuka hadi Unguja, wanaume wenye wake na watoto walitoka vyumbani mwao wakalala nje kwa makundi. Mwaka 2007 hofu ile ile ilisikika Dar es Salaam. Waliokesha walikuwa watu wazima, wenye kazi na majukumu. Hadi leo, anayefukiza ubani, anayevaa hirizi, anayemwendea mganga kabla ya kura za maoni au mechi ya watani wa jadi ni mtu mzima. Mtoto hana hela ya mganga. Majini wa pwani wameshughulika siku zote na mambo ya wakubwa: ndoa, mirathi, wivu, deni, cheo. Yakiondolewa hayo, jini hana kazi.

Shaaban Robert alilijua hilo vizuri. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, ilichapishwa Kusadikika, kisa cha nchi inayoelea angani. Humo Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na mawazo ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze, ambamo liwali wa Janibu analazimika kila usiku kuwachapa manyani wawili, na manyani hao ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa kwa sababu ya husuda yao. Hicho ni kisa cha mtu mzima anayeamriwa kumwadhibu anayempenda, na uchungu wake anauelewa vizuri aliyewahi kugombana na ndugu kwa ajili ya mali. Baadaye Euphrase Kezilahabi aliandika Nagona (1990) na Mzingile (1991), na Kyallo Wadi Wamitila akaandika Bina-Adamu! (2002). Vyote ni vitabu vya mambo yasiyowezekana, na vyote vinamtaka msomaji aliyekomaa.

Balaa ni kwamba wasomaji wengi walikutana na vitabu vya aina hii kwenye mtihani. Walivisoma kwa kuwinda dhamira na tamathali za semi, wakavifunga siku karatasi ya mwisho ilipokusanywa, wasivifungue tena. Shule inayomfanya kijana wa miaka kumi na saba amchukie Shaaban Robert imefanya kosa kubwa, na kosa hilo halizungumzwi redioni asubuhi.

Huko Ulaya nako, aliyebuni majoka mashuhuri zaidi ya karne iliyopita alikuwa askari. J. R. R. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916, akapoteza karibu marafiki wake wote wa karibu wa ujanani katika Vita Kuu ya Kwanza, kisha akawa profesa wa Oxford. Katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, alieleza kwamba hadithi za ajabu zilisukumiwa watoto kama samani kuukuu zinavyohamishiwa chumba chao, kwa sababu tu wakubwa wameacha kuzitaka. The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, ni kitabu cha vita, uchovu na madaraka yanayomla anayeyashika. Beloved ya Toni Morrison, ambamo mtoto aliyeuawa na mama yake ili asirudishwe utumwani anarejea nyumbani, ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1988. The Famished Road ya Ben Okri, inayosimuliwa na mtoto mwenye maagano na mizimu, ilipata Tuzo ya Booker mwaka 1991. Hakuna mtu anayethubutu kuziita hizo hadithi za kitandani.

Wapo pia wanaoonya kwamba riwaya za majoka zinakaribisha mapepo, na kwamba kuzisoma angani, futi elfu thelathini na kitu kutoka ardhini, ni kujitafutia ajali. Mchungaji anayeliogopa joka la riwaya afungue Ufunuo sura ya 12, akutane na joka jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi. Muislamu anayeona haya kusoma habari za majini akumbuke kwamba sura nzima ya Kurani, ya 72, inaitwa kwa jina lao. Maandiko hayo si riwaya, na hakuna anayedai kwamba ni riwaya. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba mambo haya hayakuwahi kuwa ya watoto peke yao, na kwamba ndege haianguki kwa sababu abiria wa kiti cha dirishani anasoma.

Hoja wanayoipenda kuliko zote wanaobeza fantasia ni kwamba mtu mzima anapaswa kusoma mambo ya kweli. Basi na kitazamwe kitabu wanachokisifu kila semina, Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997. Watu wameuliza kwa miaka mingi huyo Baba Tajiri alikuwa nani na aliishi wapi. Mwandishi mwenyewe, alipobanwa na jarida la fedha la Marekani, alijibu kwa kumtaja Harry Potter na kuuliza kwa nini Baba Tajiri naye asiachwe awe ngano. Kumbe kitabu cha mambo ya kweli kimejengwa juu ya mhusika ambaye mwandishi wake, wakati huo, hakuwa tayari kumthibitisha. Mwandishi wa fantasia ni mkweli zaidi. Anatangaza tangu kwenye jalada kwamba amebuni, kisha anafanya kazi ya kumshawishi msomaji ukurasa kwa ukurasa.

Na ndege ndiyo mahali pake hasa. Safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways Oktoba 2018, inachukua takriban saa kumi na tano. Dar es Salaam hadi Doha ni saa sita hivi, na huko ndiko wengi wanakounganisha kwenda Ulaya na Marekani. Hizo ni saa ambazo bosi hapigi, shemeji haombi nauli, na makundi ya WhatsApp ya harusi yamenyamaza. Fantasia inataka muda wa namna hiyo hiyo. Kurasa hamsini za mwanzo msomaji anajifunza majina, sheria za nchi, nani anamwogopa nani na uchawi unagharimu nini. Anayezisoma kurasa hizo kwenye daladala, kituo kwa kituo, anasahau kila kitu kabla ya kufika Ubungo, halafu anasema kitabu ni kigumu. Kitabu cha mafanikio kinaweza kusomwa vipande vipande kwenye foleni ya benki, maana kila sura inarudia iliyotangulia. Kupoteza saa kumi na tano nzima kwa kitabu kama hicho ni ubadhirifu.

Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri. Msomaji wa kawaida husoma maneno kama 250 kwa dakika, sawa na maneno 15,000 kwa saa. Kwa lugha ya tatu, kama Kiingereza kilivyo kwa wengi wetu, hupungua. The Lord of the Rings ina karibu maneno nusu milioni, ambayo ni zaidi ya saa thelathini za kusoma mfululizo. Haitoshi kwenye safari moja. Mifululizo isiyokwisha ni mibaya zaidi. George R. R. Martin alitoa A Game of Thrones mwaka 1996 na kitabu cha tano mwaka 2011, na tangu hapo wasomaji wanasubiri cha sita. Patrick Rothfuss alitoa kitabu chake cha pili mwaka huo huo wa 2011, na cha tatu hakijaonekana. Msafiri abebe kitabu kimoja chenye kisa kimoja kinachofika mwisho.

Cha kwanza kwa msafiri wa Afrika Mashariki ni The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa, kilichochapishwa na Graywolf mwaka 2021 baada ya mswada wake kushinda tuzo ya kwanza ya shirika hilo kwa waandishi wa Afrika. Mwaka 2022 kikashinda Tuzo ya Ursula K. Le Guin, iliyotolewa kwa mara ya kwanza ikiwa na zawadi ya dola 25,000. Aisha, binti wa Kihadhrami wa Mombasa, anapotewa na baba yake mvuvi. Bibi yake anataka aolewe atulie. Yeye anapanda chombo kilichoundwa kwa mifupa, akiwa na paka msomi anayezungumza, anakwenda baharini kumtafuta baba. Huko anakutana na viumbe watatu wa kutisha, na wa mwisho ni Baba wa Papa. Mwandishi wa kawaida angemaliza kitabu pale baba anapopatikana. Bajaber anamrudisha Aisha mtaani, mahali ambapo kila mtu tayari ameshampangia maisha, na hapo ndipo ugumu unapoanza: binti aliyewakabili wanyama wa kilindini atakubalije kukaa jikoni akisubiri posa? Anayesema hilo ni swali la mtoto hajawahi kuwa na binti.

Anayetaka kitabu kinene zaidi achukue The Adventures of Amina al-Sirafi cha Shannon Chakraborty (2023). Ni karne ya 12, kwenye Bahari ya Hindi. Amina ni nahodha mwanamke aliyeacha uharamia ili amlee binti yake, anarudishwa baharini na bibi tajiri anayemtafuta mjukuu aliyepotea, na mume aliyewahi kuolewa naye si binadamu. Aden na Sokotra zimo. Kitabu hiki kinaanzisha mfululizo, lakini kisa chake kinakamilika. Kwa mpenzi wa upelelezi kuna A Master of Djinn cha P. Djèlí Clark, kilichoshinda Tuzo ya Nebula: Kairo ya mwaka 1912, mpelelezi Fatma, na Misri iliyojikomboa kutoka kwa Waingereza kwa msaada wa majini. Anayeishia Doha atosheke na Piranesi cha Susanna Clarke, kitabu kifupi kilichoshinda Tuzo ya Wanawake ya Uingereza mwaka 2021, ambamo mtu anaishi ndani ya nyumba isiyo na kikomo, bahari inaingia kumbi za chini, naye anaandika daftarini saa za maji kujaa. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu atamwelewa mara moja.

Shida iliyobaki ni kuvipata. Maduka ya viwanja vya ndege yamejaza rafu vitabu vya utajiri wa haraka na kahawa ya bei ya chakula cha mchana, kana kwamba abiria wote wanakwenda kwenye semina moja. Nchini Kenya, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu kwenye kodi ya asilimia 16, ikiwemo riwaya ya binti wa Mombasa aliyeiletea nchi heshima. Kwa hiyo msafiri anunue mjini, wiki mbili kabla ya safari. Dukani ataje jina la kitabu na la mwandishi, na kisipokuwepo aagize. Mwenye duka akimwambia kwamba watu wazima hawaulizi vitabu vya namna hiyo, amwonyeshe pesa yake.