Kitanda cha Isaka na Wanaomjua Kunguni Wake

Ukifika Isaka, mkoani Shinyanga, magharibi imeingia, utayakuta malori yamejipanga, haya yakielekea Rwanda, Burundi na Kongo, yale yakirejea Dar es Salaam. Reli na bandari kavu ndizo zilizoukuza mji huu. Dereva hulala hapa usiku mmoja, pengine siku tatu akingoja karatasi, na utingo wake yumo. Mama ntilie anapika. Binti aliyetoka kijijini kuhudumu baa amekwisha tambua kwamba mshahara wa baa haulipi hata kodi ya chumba. Na huko Kakola hadi Geita, duara la wachimbaji wadogo likitema dhahabu, vijana hutumia kwa wiki moja walichokichimba kwa miezi.

Ndugu zangu, sisemi haya ili kumhukumu mtu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta karibu watu wazima 6 katika kila 100 wa Mkoa wa Shinyanga wana VVU, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu 5. Ninachouliza ni hiki: nani anazungumza na binti yule? Saa za kazi za serikali huisha saa tisa na nusu alasiri. Yeye kazi yake huanza giza likiingia. Mgeni mwenye beji na daftari akimhoji, atapewa majibu ya kumridhisha aende zake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayemjua kunguni huyu ni mwelimishaji rika, pengine naye aliwahi kusimama nyuma ya kaunta ileile. Huyo ndiye atampa kondomu bila kumkodolea macho, atamweleza kuhusu dawa kinga na kipimo cha kujipima mwenyewe, na majibu yakiwa mazito atamsindikiza kliniki, kisha atarudi mwezi ujao kuuliza kama dawa anameza. Maana anayemeza ARV sawasawa hadi virusi vikafubaa visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Geita ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Mwanza, watafiti walionyesha katika vijiji vya mkoa huo kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati za kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia ikawasifu, na walistahili. Ila dawa ya zahanati haimtibu anayeona haya kuingia mlangoni.

Mtanijibu kwamba vikundi vya kuwafikia watu hawa vipo. Vipo, lakini nauli za waelimishaji wao wengi zilitoka ng'ambo. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, tuliona jinsi sahihi moja ya Washington inavyoweza kumkalisha nyumbani mwelimishaji rika wa Afrika.

Nchi hii ya Kahama na Shinyanga ndiyo iliyozaa sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ng'ombe walipoibwa, wazee hawakuandika andiko la mradi. Walipiga yowe wakatoka. (Najua, baadhi yao waliwaumiza vikongwe wasio na kosa. Ndiyo maana kikundi kisicho na daftari la hesabu wala msimamizi mimi sikitetei.) Je, ng'ombe alistahili kulindwa kuliko mwanetu?

Wapo watakaoguna: kodi zetu ziwahudumie wauza miili? Nawaambia, dereva aliyelala Isaka Jumanne, Ijumaa yuko kwa mkewe wa ndoa, na mama huyo hana kosa lolote.

Fedha hazihitaji kuombwa mbali. Halmashauri ya Msalala, ambayo Isaka imo ndani yake, hupokea ushuru wa huduma kutoka mgodi wa Bulyanhulu. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, isiguswe. Mwelimishaji rika hafanyi biashara, atairejesha na nini? Kiwekwe kifungu chake katika bajeti: nauli, posho ndogo, na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku karibu na maegesho ya malori. Madiwani watakapoketi kupitisha bajeti, wenyeji wa Isaka waende wakasikilize kama kifungu hicho kitasomwa.