Dai la fidia ni ushahidi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hulichukulia dai la fidia kama bahati nasibu: jaza fomu, huenda ukapata. Dini yetu hailitazami hivyo. Mwenye kudai anatoa ushahidi juu ya mali iliyo mkononi mwa mwingine, naye ataulizwa juu ya kila neno la ushahidi huo.

Tuanze na jambo lililozigusa familia nyingi zenye watoto huko Marekani. Desemba 2022, Tume ya Biashara ya serikali ya nchi hiyo ilitangaza mapatano na kampuni ya Epic Games, watengenezaji wa gemu ya Fortnite. Kampuni ilikubali kutoa dola milioni 245 ili wateja warejeshewe fedha zao. Tume ililalamika kwamba vitufe vya gemu hiyo vilipangwa kwa namna ya kumchanganya mchezaji, hata akibonyeza mara moja hujikuta amenunua asichokikusudia; kwamba watoto waliweza kununua kwa kadi ya benki ya mzazi bila idhini yake; na kwamba wateja waliopinga makato walifungiwa akaunti zao. Malipo ya kwanza, zaidi ya dola milioni 72, yalitoka Desemba 2024. Awamu ya pili, dola milioni 126, ilifuata Juni 2025, na mwezi uliofuata muda wa kuwasilisha madai ukafungwa.

Kwa upande wa fiqhi, msingi wa dai hilo ni madhubuti. Sura An-Nisaa, aya ya 29, inaweka maridhiano kuwa sharti la biashara, na aya ya 5 na ya 6 zinatuamuru tusiwakabidhi mali wasioweza kuisimamia mpaka waonekane wamepevuka. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, mauzo anayoyafanya mtoto hayasihi. Basi mzazi aliyekatwa fedha bila kujua alikuwa na haki ya kuzidai, na wala si ulafi kuidai haki.

Lakini haki hiyo ilikuwa na mipaka. Mzazi alitakiwa awe amekatwa bila kujua kati ya Januari 2017 na Novemba 2018. Mchezaji aliyeuziwa asichokitaka alitazamwa kwa manunuzi ya Januari 2017 hadi Septemba 2022. Je, baba aliyempa mwanawe kadi kwa hiari siku ya Idi, kisha akasikia jirani amelipwa, naye ana dai? Hana. Bibi Umm Salama (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alitahadharisha kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, atakayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno tu, amekatiwa kipande cha moto. Hilo kalisema aliyekuwa akishushiwa wahyi. Itakuwaje kwa karani anayesoma maelfu ya fomu za watu asiowajua?

Msomaji wetu wa Nyanungu, Tarime, huenda akauliza: gemu za Marekani zanihusu nini? Zinamhusu, kwa sababu wilaya yake inalijua dai la fidia kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mwaka 2013 baadhi ya wanavijiji waliofungua madai katika Mahakama Kuu ya Uingereza dhidi ya kampuni ya African Barrick Gold, kwa vifo na majeraha yaliyotokea katika mgodi wa North Mara, waliandika ukurasa wa historia. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano nje ya mahakama mwaka 2015. Mnyonge wa Mara alisikilizwa London kwa kuwa alikwenda na madhara ya kweli.

Huko huko Nyamongo, hata hivyo, kumezuka neno ambalo kila mtu analielewa: tegesha. Ikisikika kwamba mgodi utachukua eneo, nyumba huinuliwa haraka haraka na miti hupandwa kwa msongamano, si kwa ajili ya kukaa wala kuvuna, bali kumngojea mthamini. Watetezi wake husema fidia ya kweli ni ndogo tena huchelewa. Huenda malalamiko hayo yana ukweli, lakini dhulma haiondolewi kwa uongo. Mwenye kuumia kwanza kwa tegesha ni jirani mwenye shamba la miaka mingi, ambaye faili lake hushukiwa pamoja na ya wategeshaji, na mdaiwa hupata kisingizio cha kuchelewesha wote.

Kwa mwenye kulipa nako kuna amana. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka; mbali na thamani ya ardhi, zimo posho za usumbufu, usafiri na makazi. Mtume (s.a.w.) amehesabu kuwa ni dhulma tajiri kuchelewesha deni ilhali anacho cha kulipa. Kampuni au serikali inayomweka mkulima miaka bila kumlipa wala kumruhusu kupanda, imo katika makemeo hayo.

Basi, enyi wazazi, tunzeni risiti, hati na picha za mali zenu kabla ya ugomvi. Andikeni kilichopo, wala msikiache kilicho chenu kwa woga. Msimpe ada mtu anayeahidi kuwatoleeni malipo ya mapatano. Na fidia ya shamba la marehemu ikitoka, kumbukeni kuwa ni mirathi: binti ana fungu lake, mjane ana lake, na yatima ana lake. Aliyedai kwa ukweli kisha akagawa kwa dhulma, ameirudia batili aliyoikimbia.

Allah atujaalie kuchukua kilicho chetu na kukiacha cha wenzetu. Wabillahi Tawfiq.